Granada: Kula Ukashiba kwa Bei ya Kinywaji

Ukiagiza kinywaji katika baa ya Granada, mji wa kusini mwa Uhispania, chakula kinakuja chenyewe. Hukukiomba, mara nyingi hukukichagua, na kwenye bili hakimo. Ni sahani ndogo: kipande cha mkate chenye nyama juu yake, dagaa wachache wa kukaanga, wali kidogo wa paella. Wenyewe wanaiita tapa. Agiza kinywaji cha pili, inakuja sahani nyingine, na kwa watu wengi vinywaji vitatu vinatosha kuwa mlo mzima wa jioni.

Usidhani Uhispania nzima iko hivyo. Barcelona hupati kitu hicho. Sevilla tapa unailipia kama chakula kingine chochote. Madrid ukibahatika utawekewa zeituni au viazi vya kukaanga. Granada, pamoja na majirani zake Jaén na Almería, ndiyo walioishikilia desturi hii kwa nguvu. Wanafunzi nao wanaisaidia isife. Chuo Kikuu cha Granada kilianzishwa mwaka 1531 na leo kina wanafunzi makumi ya maelfu katika mji ambao si mkubwa. Baa ikianza kubana sahani, vijana wanahamia ya jirani.

Miongozo mingi ya mji huu huandikwa kana kwamba kila msomaji anakunywa bia na anakula nguruwe. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawafanyi lolote kati ya hayo, na bado wanaweza kula vizuri Granada kwa pesa kidogo, ila wanahitaji kujua mambo machache zaidi. Nitayaeleza kwa urefu. Bei ninazotaja ni za makadirio, kwa euro, na katikati ya mji zinapanda kidogo.

Hatua ya 1: Badilisha saa za tumbo lako

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotezea pesa, kabla hata hawajaiona menyu. Waspania wanakula mchana kati ya saa nane na saa kumi. Chakula cha usiku kinaanza saa tatu, na mwenye haraka sana labda saa mbili na nusu. Katikati, tangu saa kumi za jioni hadi karibu saa mbili za usiku, majiko mengi yamezimwa. Baa inaweza kuwa wazi na kahawa ipo, lakini mpishi hayupo.

Mgeni aliyezoea kula mchana saa sita na usiku saa moja anajikuta ana njaa wakati ambapo milango iliyo wazi ni ile ya migahawa ya watalii peke yake, yenye picha za rangi nje na paella iliyotolewa kwenye friza. Analipa euro 18 kwa sahani ambayo mwenyeji asingeigusa. Kwa hiyo kula kifungua kinywa kizito mnamo saa nne asubuhi, chakula cha mchana saa nane, kisha tapa kuanzia saa mbili na nusu usiku. Njaa ya saa kumi na moja ina dawa yake, nitaifikia.

Hatua ya 2: Asubuhi, kula tostada

Acha kifungua kinywa cha hotelini kama hakimo kwenye bei ya chumba. Ingia baa yoyote ya mtaani yenye wazee waliokaa na magazeti, uagize tostada con tomate y aceite: mkate uliochomwa, ukapakwa nyanya iliyosagwa na mafuta ya zeituni. Media ni nusu, entera ni mkate mzima. Pamoja na kahawa ya maziwa, café con leche, utalipa kama euro 3 au 4. Mafuta yamewekwa mezani kwenye chupa, na hakuna anayekuhesabia matone. Jaén, mkoa wa jirani, umejaa mizeituni kadiri jicho linavyofika, kwa hiyo hata baa ya hovyo huwa na mafuta mazuri. Mkate wenyewe ukiambiwa ni wa Alfacar, kijiji kilicho nje kidogo ya mji na chenye sifa ya waokaji, chukua mzima.

Usichukue tostada con manteca ikiwa huli nguruwe. Ile rangi ya chungwa unayoiona ni mafuta ya nguruwe yaliyotiwa paprika.

Hatua ya 3: Mchana, tafuta menú del día

Ikiwa una mlo mmoja tu wa kukaa mezani kwa siku, uwe huu. Menú del día ni mlo wa bei moja: sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na tunda, kitamutamu au kahawa. Ulianzia kwenye agizo la serikali katika miaka ya 1960, utalii ulipoanza kushamiri, migahawa ilipotakiwa kuwa na mlo wa bei maalumu, na tangu hapo umekuwa chakula cha wafanyakazi. Granada unaupata kwa euro 11 hadi 15, zaidi siku za kazi. Jumamosi na Jumapili hupotea au hupanda bei.

Mkahawa mzuri wa menú unautambua kwa ubao wa chaki ulioandikwa asubuhi ileile, wenye sahani nne au tano za kwanza na nyingine nne au tano za pili. Ubao wenye sahani ishirini ni wa chakula cha kupasha moto. Ondoka katika mitaa inayozunguka Kanisa Kuu, nenda upande wa Pedro Antonio de Alarcón na Plaza Einstein, wanakoishi wanafunzi, au shuka Zaidín, mtaa wa wafanyakazi kusini mwa mji ambako watalii hawana sababu ya kufika. Tofauti ya bei utaiona mwenyewe.

Hatua ya 4: Jifunze kuagiza tapa

Tapa inafuata kinywaji baridi: bia, divai, tinto de verano (divai nyekundu iliyochanganywa na soda), soda ya kawaida, na katika baa nyingi hata maji ya chupa. Kahawa na chai haziji na tapa. Maji ya bomba nayo hayaji na kitu, ingawa tangu sheria ya mwaka 2022 baa na migahawa inapaswa kukupa maji ya bomba bure ukiyaomba. Sema agua del grifo. Maji ya Granada yanatoka milima ya Sierra Nevada na yananyweka bila wasiwasi, kwa hiyo tembea na chupa yako ukaijaze.

Asiyekunywa pombe ana chaguo nzuri kuliko soda. Omba mosto, maji ya zabibu yasiyochachushwa, yanayotolewa kwenye glasi ya divai na wakati mwingine na kipande cha chungwa. Kila baa ya zamani inayo, hakuna atakayekushangaa, na tapa yake ni ileile ya mnywa bia. Kuna pia bia isiyo na kilevi. Ile iliyoandikwa 0,0 ndiyo isiyo na kilevi kabisa, kwa kuwa ile ya sin alcohol peke yake huweza kubaki na kiasi kidogo.

Kinywaji kimoja kitakugharimu kama euro 2.50 hadi 3.50, tapa ikiwa ndani. Kaa au simama kaunta, kwani baadhi ya baa huongeza bei kwa meza za nje, na ukitaka kujua, kisheria orodha ya bei inatakiwa iwe wazi kwa mteja. Kaunta unaona pia jikoni kunatoka nini.

Kama mko wengi, agizeni pamoja. Jiko linafanya kazi kwa raundi: watu wanne wakiagiza mara moja, inatoka sahani moja kubwa au sahani nne za aina moja. Kila mmoja akiagiza kwa wakati wake, mhudumu anachanganyikiwa, tapa zinachelewa, na kuna atakayesahaulika. Raundi ya pili huja na tapa tofauti, na katika baa nyingi za zamani ya pili au ya tatu ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu mwenye baa anataka ubaki. Ushauri wangu ni huu: kama tapa ya kwanza ilipikwa, yaani ni ya moto na imetoka jikoni, baki. Kama ni mkate mkavu wenye kipande cha jibini kilichokatwa tangu mchana, lipa uondoke. Kuhama baa hakuna aibu Granada, ndiyo starehe yenyewe.

Usichanganye tapa na ración. Ración ni sahani kubwa ya kulipia, media ración ni nusu yake. Mhudumu akikuletea menyu na kukuuliza utakula nini, anakuuliza kuhusu hizo. Jibu kwamba kwa sasa ni kinywaji tu, na tapa itakuja.

Hatua ya 5: Kama huli nguruwe

Granada ilikuwa dola ya mwisho ya Waislamu katika rasi ile hadi mwaka 1492. Leo mji huohuo unatia nguruwe hadi kwenye maharagwe. Habas con jamón, sahani inayojulikana sana hapa, ni maharagwe makubwa ya kijani yaliyopikwa na vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, na mhudumu atakwambia kwa moyo mweupe kuwa ni mboga. Hadanganyi. Kwa Waspania wengi wa rika fulani, jamón si nyama hasa, ni kiungo.

Kwa hiyo usiulize kama chakula kina nyama. Taja nguruwe kwa jina, na useme kabla kinywaji hakijamiminwa: No como cerdo, sili nguruwe. Ongeza ni jamón, wala jamón, kwa sababu ile niliyoitaja. Ukitamka "serdo" wataelewa. Baa nyingi zitakubadilishia tapa bila neno, hasa zisipokuwa zimefurika. Wakati wa msongamano wa saa nne usiku usitarajie uungwana huo, fika mapema.

Majina ya kukariri ni haya. Jamón, chorizo, salchichón, lomo, panceta, tocino, bacon, morcilla: yote nguruwe, na morcilla ina damu pia. Carrillada, nyama laini ya shavu, kwa kawaida ni ya nguruwe. Carne en salsa bila maelezo zaidi, chukulia ni nguruwe. Albóndigas, vinyama vya mviringo, mara nyingi ni mchanganyiko. Croquetas, vitonge vya kukaanga, zina jamón mpaka uambiwe vingine. Salmorejo, supu baridi na nzito ya nyanya, haina neno, ila hunyunyiziwa jamón juu; omba sin jamón. Dengu, lentejas, huchemshwa na chorizo ndani ya sufuria, na kuuondoa kwenye sahani hakusaidii.

Mtego mkubwa kuliko yote ni pinchos morunos. Ni mishikaki, imekolezwa bizari nyembamba na paprika, harufu yake ni ya nyumbani kabisa, na jina lake linawataja Wamoori. Katika baa za Uhispania huwa ya nguruwe. Uliza kama ni de pollo, ya kuku, au de cordero, ya kondoo.

Vilivyo salama kwa kawaida: tortilla de patatas, ambayo ni mayai na viazi, mradi haina chorizo, ensaladilla, saladi ya viazi na tuna, patatas bravas, viazi vya kukaanga vyenye mchuzi wa pilipili, biringanya za kukaanga zenye asali ya miwa, na samaki wa kila namna. Boquerones ni dagaa wa kukaanga au waliolowekwa kwenye siki. Cazón en adobo ni papa mdogo aliyekolezwa siki na viungo kisha akakaangwa. Calamares ni ngisi. Baa inayouza samaki watupu ina faida nyingine kwa mwenye kujali: mafuta ya kukaangia hayajapitiwa na croquetas. Jambo moja zaidi, michuzi mingi hupikwa kwa divai. Ukiona al vino au al jerez, ndiyo hiyo.

Anayetaka halali kamili, aende Calderería Nueva na Calle Elvira, chini ya kilima cha Albaicín. Hapo Wamoroko wana migahawa, maduka ya nyama na vibanda vya shawarma. Shawarma ya kushiba ni kama euro 5 hadi 7, na bakuli la harira, supu ya Kimoroko, ni nafuu zaidi. Tafuta neno halal kwenye kioo, na kwenye migahawa ya kukaa uliza, kwani si yote yenye mapambo ya Kiarabu ni halali, na mingine inauza pombe. Juu ya kilima, kando ya uwanja wa San Nicolás unaotazamana na Alhambra, kasri la wafalme Waislamu wa zamani, uko msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 2003. Baada ya swala ya Ijumaa, waumini wenyewe ndio watakaokuelekeza wanakokula.

Hatua ya 6: Chagua mtaa kabla ya baa

Calle Navas, nyuma ya jengo la Halmashauri ya Mji, umejaa baa mlango kwa mlango. Wenyeji wanaulalamikia kuwa umekuwa wa watalii, na wana haki, lakini hapo ndipo ilipo Los Diamantes, baa ya samaki iliyopo tangu 1942. Utasimama, utabanwa na viwiko, na utapewa samaki aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi. Kwa asiyekula nguruwe, pa kuanzia usiku ni hapo.

Karibu na Plaza Nueva, kwenye kichochoro cha Almireceros, ipo Bodegas Castañeda: mapipa, mapaja ya nguruwe yananing'inia darini, kelele. Anayekula jamón ataipenda, asiyekula apite.

Bar Poë, mtaa wa Verónica de la Magdalena, inakuacha uchague tapa yako kwenye orodha, jambo linalorahisisha maisha. Om Kalsum, mtaa wa Jardines, inatoa tapa za Kiarabu chini ya jina la mwimbaji wa Misri ambaye wapenzi wa taarabu Unguja na Mombasa hawahitaji kuelezwa. Ni baa, pombe ipo, lakini ukichoka kuuliza kuhusu jamón utapumua.

Campo del Príncipe, katika mtaa wa Realejo, ni uwanja wa meza za nje. Mzuri kwa familia yenye watoto. Plaza Larga, juu Albaicín, nenda asubuhi kukiwa na wauza mboga na matunda. Alhambra kwenyewe usitegemee kula. Ziara huchukua muda wa saa tatu au zaidi, chakula cha huko ni ghali, na mteremko wa kurudi mjini ni mfupi.

Hatua ya 7: Vyakula vya Granada vya kuvitafuta

Tapa hukupa kinachopatikana. Hivi unavitafuta kwa jina, na kuvilipia kama media ración, mgawane.

Remojón ni saladi ya machungwa, zeituni, kitunguu, yai na bacalao, samaki mkavu wa chumvi ambaye mtu wa pwani atamtambua kama ng'onda aliyesafiri mbali. Machungwa na samaki wa chumvi pamoja yanasikika vibaya. Onja. Ni chakula cha majira ya baridi, machungwa yakiwa yameiva, na hakuna mkahawa wa watalii unaojisumbua kukipika vizuri, kwa hiyo ukikiona kwenye ubao wa menú del día, kamata.

Berenjenas con miel de caña nimezitaja: biringanya zilizokatwa nyembamba, zikakaangwa, zikamwagiwa maji mazito meusi ya miwa. Miwa ililimwa kwa karne nyingi pwani ya Granada, upande wa Motril, tangu enzi za Waarabu. Zikifika mezani zimelainika, zilikaangwa mapema; zinatakiwa zivunjike.

Plato alpujarreño, chakula cha milimani, ni viazi, mayai, morcilla, chorizo na jamón katika sahani moja. Papas a lo pobre, vile viazi vyake vilivyopikwa taratibu na pilipili hoho na mafuta ya zeituni, unaweza kuviagiza peke yake na yai juu, ukashiba kwa bei ndogo. Tortilla del Sacromonte ina ubongo, na kwa asili korodani za mnyama. Sasa umejua.

Hatua ya 8: Saa kumi na moja, Jumapili, na mfuko mtupu

Njaa ya jioni ina tiba mbili. Ya kwanza ni churros, vijiti vya unga vya kukaanga, na chokoleti nzito ya moto, euro 4 au 5, katika uwanja wa Bib-Rambla. Ya pili ni nyumba za chai za Calderería, teterías, ambako birika la chai ya mnanaa na vitamu vya lozi vinakutosha kukaa saa nzima.

Supermaketi kama Mercadona, Lidl na Día zinafungwa Jumapili nyingi, kwa hiyo nunua matunda, mkate na jibini Jumamosi. Maduka madogo ya Coviran, ushirika uliozaliwa Granada mwaka 1961, wakati mwingine hufungua siku hiyo asubuhi. Baa nyingi pia hufunga Jumapili usiku au Jumatatu, na mwezi wa Agosti wenye baa wanakwenda pwani.

Kwa hesabu ya siku: tostada na kahawa euro 3.50, menú del día 13, vinywaji vitatu vya usiku vyenye tapa 9. Jumla 25.50. Ukibana zaidi, badilisha menú kwa vinywaji viwili mchana, ushuke chini ya 20. Mwanafunzi mwenye kadi ya chuo ana kantini za chuo, ambazo ni nafuu kuliko vyote hivi.

Bili haiji mpaka uiombe: la cuenta, por favor. Bei ulizoziona zina kodi tayari. Bakshishi si lazima, watu huacha sarafu chache au hawaachi kitu. Angalia kama umetozwa pan, mkate, ambao hukuuagiza wala hukuugusa. Sema kwa utulivu, uondolewe.

Na kama zimebaki euro mbili, nunua pionono, keki ndogo iliyoviringishwa na kulowekwa, yenye krimu iliyochomwa juu. Casa Ysla waliianza Santa Fe, mji mdogo ulio kilomita 11 kutoka hapa, mwaka 1897, na wana maduka Granada pia. Majira ya joto shindana nayo kwa aiskrimu ya Los Italianos, kwenye Gran Vía. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Machi wamefunga.